Vipuri vya Baiskeli ya Phelesia

Lambwe, 10 Februari 2025

Mkwe wangu Wesley,

Kosa wanalofanya watu wengi baiskeli ikianza kuruka ni kununua cheni mpya na kuacha vingine vyote kama vilivyo. Wanarudi nyumbani wamefurahi, na kesho yake inaruka vibaya kuliko jana. Kisha wanamlaumu fundi.

Sababu yake si ngumu. Cheni haikatiki kwanza, hurefuka kwanza. Kila pini ndani yake hulika kidogo, na kulika huko kukijumlishwa, cheni nzima huwa ndefu kuliko ilivyotoka kiwandani. Meno ya gia ya mbele na ya nyuma nayo hulika yakiifuata. Vinazeeka pamoja kama mume na mke. Ukitoa mmoja na kuleta kijana, hawatasikilizana.

Kwa hiyo kabla hujanunua chochote, pima. Tafuta rula ndefu, ile ya inchi kumi na mbili. Ivute cheni ikaze, weka mwanzo wa rula katikati ya pini moja, kisha tazama mwisho wake. Pini nyingine inapaswa kuwa pale pale kwenye kumi na mbili. Ikiwa imevuka mstari kwa thumuni ya inchi, cheni hiyo imekufa. Halafu tazama meno. Yakiwa yamesimama wima ni mazima. Yakiwa yameinama upande mmoja kama pembe za ng'ombe, badilisha gia pia.

Barua yako niliipata Ijumaa. Mubarak, dereva wa Ruqia, aliniletea mpaka langoni. Nashukuru kwamba Ruqia anakubali gari lake la vipuri lituchukulie barua kila anapoleta mzigo kutoka Migori. Umefanya vyema kuandika. Kwenye simu siku hizi nasikia kama mtu anayeongea ndani ya mtungi, na nikisikia vibaya najibu vibaya.

Nimefurahi pia kwamba unataka kuitengeneza baiskeli ya marehemu mke wangu Phelesia bila Mourine kujua, ili umshangaze. Mama yake aliipanda bonde hili lote akikagua mitego ya mbung'o, ile ya kitambaa cha buluu, kutoka mtego hadi mtego, na hakuna ng'ombe wala askari wa mbuga asiyeijua kengele yake. Siku Mourine alipoolewa kwenu sikuwa na kitu kingine cha thamani cha kumpa. Vipuri vyake ni adimu, lakini kazi yako ni nyepesi kwa sababu moja: ni baiskeli ya gia moja, haijawahi kuwa na gia nyingi hata siku moja. Cheni yake ni ile pana. Ukimwambia Ruqia "cheni pana ya gia moja", hatakosea.

Jambo la mwisho ni zile pini mbili zinazofunga mikono ya pedali. Ziko za unene wa aina mbili zinazokaribiana sana, na fundi mvivu huchukua pini nyembamba akaipiga nyundo mpaka ikubali. Itakubali, na baada ya wiki italegea. Pima ya zamani kwanza.

Niandikie ulichopima, na unieleze kila unachokiona kwenye fremu. Nisalimie dada yako Bhoke. Uji wa wimbi alionipikia mwaka juzi bado nauzungumzia.

Wako,
Nicodemus Arogo


Kegonga, 17 Februari 2025

Baba,

Nakusalimu kwa heshima. Barua yako nimeisoma mara nyingi, hata fundi Arasa nimemsomea. Alisema, "Huyu mzee angekuwa na karakana sisi wengine tungefunga."

Nimepima. Cheni imevuka mstari, tena sana. Meno ya nyuma yameinama vile ulisema. Ya mbele yako sawa, ila ni membamba. Nilimwambia Ruqia cheni pana ya gia moja, akaleta. Sasa shida ni kwamba hiyo cheni inacheza huku na huku juu ya meno ya mbele, kama mtoto aliyevaa viatu vya babake. Arasa anasema iende hivyo hivyo. Mimi sitaki iende hivyo hivyo. Nataka ikae sawa kabisa, kwa sababu unajua ni ya nani.

Kitu kingine ambacho Arasa ananiuliza na mimi sina jibu. Kwa fremu, upande wa nyuma kulia, chini ya pale ekseli inafungwa, kuna kama sikio dogo la chuma. Limetokea na fremu yenyewe, halikuchomelewa. Lina tundu lenye nyuzi za skrubu. Hakuna kitu kimefungwa hapo. Ni la nini? Tulikate ama tuliache?

Pia cheni haiendi moja kwa moja. Ukitazama kutoka nyuma imekaa mshazari.

Mourine ni mzima na watoto ni wazima. Tafadhali, bado usimwambie.

Mkwe wako,
Wesley Nyamohanga


Lambwe, 20 Februari 2025

Mkwe wangu Wesley,

Sikio hilo usilikate.

Fremu yenye sikio la namna hiyo ilizaliwa na gia nyingi. Pale kwenye tundu hufungwa kile kifaa kinachoihamisha cheni kutoka gia hadi gia. Kwa sababu hiyo meno yake ya mbele ni membamba, na cheni yake ni nyembamba. Cheni pana inacheza juu yake kama ulivyosema. Mrudishie Ruqia, umwombe cheni nyembamba pamoja na gia moja ya nyuma yenye meno membamba. Zipo, ila ni lazima utaje wembamba. Ukisema "gia moja" tu atakupa pana tena.

Kuhusu mshazari: simama nyuma ya baiskeli, fumba jicho moja, utazame kutoka gia ya nyuma mpaka ya mbele. Gurudumu la nyuma mlilotia si lililozaliwa na fremu hiyo. Arasa aongeze washa, vile visahani vya chuma vyenye tundu, upande mmoja wa ekseli, apunguze upande wa pili, mpaka mstari unyooke. Asisahau kwamba rimu nayo itahama, kwa hiyo atakaza spoki za upande mmoja ili irudi katikati. Ni kazi ya asubuhi nzima. Usimharakishe.

Hayo ndiyo majibu ya baiskeli uliyonieleza.

Nimekaa na barua yako siku mbili kabla ya kujibu, jambo ambalo si kawaida yangu. Je, kuna lingine ungependa kuniuliza, Wesley? Mimi ni mtu mzima na nimesikia mengi.

Wako,
Nicodemus Arogo


Kegonga, 1 Machi 2025

Baba,

Asante sana. Cheni nyembamba imeingia na gia ya nyuma imeshika. Arasa alifanya hesabu ya washa akatukana mpaka akachoka, lakini sasa mstari umenyooka. Haipigi kelele, hairuki.

La kuuliza ni dogo tu. Rangi. Tumeipaka nyeusi, na inang'aa sana. Kuna njia ya kuifanya rangi mpya ionekane imekaa miaka? Arasa anasema majivu na mafuta ya taa. Tena kitako kimechakaa, nataka kuweka kama kile cha kwanza kabisa. Unakumbuka kilikuwa rangi gani? Na kengele, ilikuwa upande wa kulia ama wa kushoto? Nauliza tu ili nisikosee.

Zaidi ya hapo hakuna, Baba. Sisi tuko sawa.

Wesley


Kegonga, 5 Machi 2025

Baba mpendwa,

Naandika polepole ili nisikupe kazi. Najua barua hii ukishaisoma utachukua kalamu nyekundu, maana ulituambia nyumbani tuongee Kijaluo na kwenye karatasi tuandike Kiswahili, na hujawahi kutuhurumia.

Nimekawia kukushukuru. Tangu Wesley alipokuletea baiskeli ya mama mwezi wa Novemba nimetaka kuandika, lakini aliniambia, "Usimharakishe mzee, vipuri vyake havipatikani, anatafuta kimoja kimoja." Nikamwacha baba yangu atafute. Ila sasa nina haraka, nisamehe. Nimechaguliwa kuwa mhudumu wa afya wa kijiji. Nyumba zangu zimetawanyika mpaka kule mlimani, na kwa miguu narudi jioni nikiwa sijamaliza nusu. Mama alikuwa akizunguka na ile baiskeli kutoka mtego hadi mtego, nami nikiizungusha kutoka mama mjamzito hadi mama mjamzito, nitajiona nimefika.

Niambie tu imefikia wapi. Ikiwa imebaki kidogo, nitakuja niichukue mwenyewe. Wesley anasema nisubiri, lakini wewe unamjua Wesley, anakuogopa hata ukikohoa.

Mtoto wako,
Mourine


Lambwe, 8 Machi 2025

Nyara, binti yangu,

Hongera. Mama yako angeiimbia kazi hiyo. Makosa yako ni mawili tu, nimeyapigia mstari kwenye nakala yangu, nitakuonyesha tukikutana.

Unaniuliza kuhusu baiskeli. Baiskeli ya zamani haiharakishwi. Watu hudhani kipuri chochote kinachofanana na kile cha kwanza kitakaa, kumbe kuna cheni pana na cheni nyembamba, kuna pini za unene huu na za unene ule, na hata pedali ya kushoto hufungwa kinyume na ya kulia, ili miguu isiifungue mtu akiwa safarini. Nimeandikiana na mumeo mara kadhaa juu ya mambo haya mwaka huu, na Ruqia wa Migori ametusaidia sana. Kuna cheni imepatikana na gia ya nyuma imepatikana. Bado kuna mambo yanayohitaji kuwekwa sawa.

Usije kwanza. Mvua zinakaribia na njia ya huku unaijua. Endelea na kazi yako, na usiwe na wasiwasi juu ya baiskeli ya mama yako.

Baba yako


Kegonga, 19 Machi 2025

Baba mpendwa,

Barua yako imenisaidia siku ambayo sikutarajia, acha nikusimulie.

Juzi tulikuwa kwenye foleni ya mashine ya kusaga, wanawake wengi, na wifi yangu Bhoke yuko nyuma yangu. Akaniinamia akasema, "Wifi, nilikuwa Osiri kwa mazishi. Ile baiskeli ya mama yako nimeiona huko kwa wachimba dhahabu. Imebebeshwa magunia ya mawe, ina matope mpaka kwenye kengele."

Nikacheka. Nikamwambia, "Wifi, ulienda kuzika ama ulienda kuhesabu baiskeli za watu?"

Wanawake wakacheka. Yeye hakucheka. Akasema, "Mimi nina macho, Mourine. Muulize mume wako."

Hapo nilikasirika, Baba. Nilijua anataka kunigombanisha na Wesley mbele ya watu. Kwa bahati barua yako ilikuwa kwenye mkoba, nikaitoa. Nikawasomea pale pale, mstari wa cheni pana na cheni nyembamba, mstari wa Ruqia, mstari wa usiwe na wasiwasi. Nikasema, "Huyu ni baba yangu. Amefundisha watoto wa watu maisha yake yote, na hakuna aliyewahi kumshika uongo. Sasa kati yake na Bhoke, mwongo ni nani?"

Mellen, mwenyekiti wa chama chetu, akasema, "Bhoke, jibu."

Bhoke alinitazama, kisha akaitazama barua, akasema, "Kama mzee ameandika, basi mzee ameandika." Akabeba mahindi yake bila kusaga akaenda.

Unajua yeye ndiye mweka hazina wa chama chetu cha akina mama. Kanuni tuliyojiwekea ni kwamba anayesema uongo juu ya nyumba ya mwenzake anasimama mbele ya chama, anaomba radhi, na hashiki tena mali ya wenzake. Mkutano ni Alhamisi wiki ijayo, tarehe ishirini na saba. Mimi ndiye nitakayeeleza. Naumia kidogo, kwa sababu Bhoke ndiye aliyemlea Wesley mama yao alipofariki, lakini uongo ni uongo. Wewe ndiye uliyenifundisha hivyo.

Mtoto wako,
Mourine


Kegonga, 21 Machi 2025

Baba,

Sijui nianze wapi.

Mourine amekuandikia, najua, maana alinisomea kabla ya kuifunga. Nilikaa pale nikiwa nimeshika kikombe cha chai mpaka kikapoa. Akaniuliza, "Mbona husemi kitu? Dada yako amekutukana." Nikasema nimechoka.

Baiskeli iko Osiri. Bhoke ameona ukweli. Mwaka jana kuna rafiki yangu anaitwa Jeff aliniambia kuna shimo linakaribia dhahabu, anayetaka kuingia alete mali. Sikuwa na mali yangu. Nilimpa Jeff baiskeli ikawa ndiyo fungu langu, nikajiambia ni ya wiki chache tu, itarudi na kitu juu yake. Maji yakaingia shimoni. Jeff amepotea, na baiskeli wanayo wenye kusaga mawe, hawanijui. Nilienda mara moja. Niliiona kwa mbali nikashindwa kuikaribia.

Kwa Mourine nilisema iko kwako. Kwako nilisema iko kwangu. Ile niliyokuwa napima na rula ni mfupa wa baiskeli nyingine niliununua kwa Arasa, nikataka iwe kama ile. Sasa naona ulijua tangu lile sikio la chuma, na bado ulinifundisha mpaka ikanyooka. Hilo ndilo linaniua.

Bhoke alikuja jana. Hakuingia ndani, alisimama kwa mlango. Alisema, "Nimenyamaza kwenye mashine kwa sababu ningeendelea ningemwita baba mkwe wako mwongo mbele ya wanawake wa Kegonga, na wewe ningekuvua nguo. Nimemeza. Alhamisi nikisimamishwa nitameza tena. Lakini wewe, Wesley, utakuwa umekaa wapi nikimeza?" Kisha akaenda.

Nimefikiria njia moja. Mourine anakuamini kuliko mtu yeyote. Ukimwandikia kwamba baiskeli ilikuwa imeoza, haitengenezeki, kwamba uliiuza kama vyuma chakavu kwa watu wa Migori, itakuwa imeeleweka vile ilifika Osiri. Bhoke atakuwa aliona kweli, na wewe hutakuwa umekosea, ni mambo ya vyuma tu. Mourine atalia kidogo kisha yataisha. Na hii niliyotengeneza nitampa.

Najua ninaomba nini. Siwezi kumtazama machoni, Baba. Wewe ni baba yake, atakusamehe. Mimi sijui kama atanisamehe.

Wesley


Lambwe, 24 Machi 2025

Mwanangu Wesley,

Sitauandika huo uongo. Naanza na hilo ili usisome kurasa zote ukiwa na matumaini.

Nilijua, ndiyo. Nilipofika kwenye sikio la chuma niliiweka barua yako mezani nikaenda kusimama nje. Ulipouliza rangi ya kitako, sikuwa tena na shaka yoyote. Na Mourine aliponishukuru kwa kutunza kitu ambacho sijakiona tangu siku ya harusi yenu, nilielewa pia kwamba umemdanganya yeye. Utaniuliza, basi mbona ulinyamaza, mzee? Ngoja nikueleze, kwa sababu ni jambo la kwetu na la kwenu pia, na hakuna atakayetueleza.

Kwetu Waluo mtu hamwaibishi mkwe wake. Akiona doa kwenye nguo yake, anatazama pembeni mpaka mwenyewe aligundue. Najua kwenu Wakuria heshima hiyo ni kali zaidi. Ni desturi nzuri. Imeokoa nyumba nyingi, kwa sababu inampa mtu nafasi ya kujirekebisha bila kelele. Lakini ina sharti lake, na wengi wetu tunalisahau: unatazama pembeni pale tu ambapo doa halimgusi mtu mwingine. Mimi nilitazama pembeni, nawe ukatazama pembeni, kila mmoja akimheshimu mwenzake sana, na katikati yetu Mourine akamsimamisha Bhoke kwenye foleni ya mashine akamwita mwongo.

Alimwita hivyo akiwa na barua yangu mkononi.

Nimeisoma tena nakala ya barua ile. Niliiandika kwa uangalifu mkubwa. Cheni imepatikana: kweli. Ruqia ametusaidia: kweli. Bado kuna mambo ya kuwekwa sawa: kweli kabisa. Hakuna sentensi moja ndani yake ambayo hakimu angeikamata, na barua nzima ni uongo. Nilikuwa nikiwaambia wanafunzi kwamba lugha safi ni ya mtu mkweli. Binti yangu aliisoma lugha yangu safi mbele ya wanawake, na mwanamke asiye na kosa akarudi nyumbani na mahindi ambayo hayajasagwa. Ninapokumbuka maneno ya Bhoke, "Kama mzee ameandika, basi mzee ameandika," naona aibu mpaka naogopa kumsalimu mtu njiani.

Kwa hiyo sikuandikii nikiwa juu yako. Tuko shimo moja.

Unasema Mourine atanisamehe mimi. Labda. Lakini ukitaka nibebe lako, hutajua kamwe kama angekusamehe wewe, na utaishi na mwanamke ambaye kila akikutazama unatafuta pa kuweka macho. Niliishi na Phelesia miaka mingi na tulikoseana. Mtu anaweza kuvumilia kuambiwa jambo baya na mumewe. Linalomvunja ni kulisikia kwenye foleni.

Ile uliyoitengeneza usimpe kama ya mama yake. Mwambie ni nini: fremu ya Arasa, gurudumu la kwingine, cheni nyembamba, na asubuhi nyingi za kazi yako. Akiikataa, usinung'unike. Akiipanda, hiyo ni yake na yako, wala haihitaji majivu na mafuta ya taa. Kuhusu ile ya Osiri, huenda ikarudi, huenda isirudi. Phelesia hakuwa baiskeli.

Mimi nitafika Kegonga Alhamisi asubuhi. Najua baba mkwe hafiki kwa wakwe hivi hivi, bila kualikwa na bila ya kubeba kitu. Nitafika hivyo hivyo. Nitamwomba Mellen anipe nafasi kabla mkutano haujaanza, nisimame pale ambapo Bhoke alitakiwa kusimama, na niseme kwamba barua ilikuwa yangu na mwongo ni mimi. Yangu nitayasema yote. Yako sitayagusa, kwa sababu si yangu kuyasema. Lakini nikishasema yangu, kila mwanamke pale atauliza yaliyobaki, na Mourine atageuka kukutafuta. Sitaki akutafute akiwa hajui. Asimame mkutanoni akiwa ameshasikia kutoka kwako, ili aamue mwenyewe uso atakaouvaa, na amtangulie Bhoke kwa kumwomba radhi kabla watu hawajamlazimisha.

Atakasirika. Anaweza kuchukua watoto akaja huku, na akija nitampokea, nami nitamwambia kwamba alipoachwa peke yake na uongo, tulikuwa wawili tuliomwacha. Sina dawa ya hasira yake na sitajifanya ninayo.

Mubarak anapitia hapa kesho alfajiri, na Jumatano utakuwa na barua hii mkononi. Usingoje watoto walale, usingoje Alhamisi, wala usinijibu.

Leo, ukimaliza kusoma, mwite Mourine na Bhoke wakae pamoja, uwaambie baiskeli iko wapi na ni nani aliyeipeleka.

Nicodemus Arogo